Atokaye Huonja Kwanza

Ndizi nilizinunua sokoni Warwick siku ya Jumatatu, maboksi mawili, bado zina ukijani mgongoni. Ndizi za pombe haziko hapa Durban. Kwetu Uvira, Kongo, mtu anajua ndizi ya kula ni hii, ya kupika ni hii, na ya kukamua ni ile ya nyuma ya nyumba, ambayo mtoto akiibandua mapema mdomo unamkauka hadi jioni. Huku zote ni za kula, tamu kama biskuti, na pombe yake inatoka nyepesi usipoijua. Mimi naijua. Naongeza mtama ulioota, nimeukaanga na kuusaga. Nauchukua kwa mama mmoja wa Kizulu anayekaa karibu na wauza mizizi na magome, na kila mara ananiita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao, na kuniuliza swali lile lile.

"Gogo, hiyo yenu inalewesha kuliko yetu?"

"Inategemea unarudi nyumbani kwa mguu ao kwa taxi."

Anacheka, ananiongezea konzi moja. Jina lake nalijua, na la mama yake aliyekaa pale kabla yake nalijua. Majina yote ninayo. Mimi niliishia darasa la tatu, na kwa sababu kuandika kulinitupa mkono mapema, nikazoea kuweka watu kichwani. Hapa lakini sitawataja. Wengine ni wazima na tunasalimiana kila Jumapili, wengine ni marehemu na hawawezi kujitetea.

Pombe hiyo ya Jumatatu ilikuwa ya kunitoa mimi kwenye baa.

Nieleze kwanza baa yenyewe. Iko juu kidogo ya Sydenham, ukishapita roboti ya pili, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, mlango mzito wa mbao na vioo vya rangi vinene kama tako la chupa. Ndani ni giza hata saa sita mchana. Kuta zote ni mbao nyeusi-nyeusi hadi juu, kuna picha za farasi na mbwa wanaomkimbiza mbweha, na ubao wa kurushia vishale uliotoboka katikati. Aliyeijenga alitaka ukiingia usahau kwamba nje kuna jua. Alikuwa Mwingereza, na mwanawe, ambaye sasa ni mzee wa miaka themanini, ndiye anayesimama kwenye kaunta mpaka leo. Mimi niliingia pale kwa mlango wa nyuma, jikoni. Nimemenya viazi vya baa ile na kuoka pai zake za nyama na figo tangu binti yangu yuko sekondari, na sasa binti yangu mwenyewe ana watoto wa sekondari.

Juu ya kaunta kuna kulabu thelathini na mbili, na kila kulabu ina magi yake ya chuma cha kijivu, nzito. Ni desturi yao hao watu. Mteja wa kudumu ananingʼiniziwa magi yake, hanywei nyingine na mwingine hainywei yake. Akifa, magi inabaki pale pale. Mzee hakubali mtu anywe katika magi ya marehemu. Kazi yangu ya Jumamosi asubuhi ni kuziosha zote, za wazima na za wafu, kwa maji ya moto na magadi, kisha kuzirudisha kila moja kwake. Hazina alama yoyote. Najua tu.

Kwa hizo magi ndipo nilipojua hali ya biashara. Watu wa shule wanasoma makaratasi, mimi nilikuwa naangalia kulabu. Zamani, Ijumaa saa kumi, mafundi wa viwanda vya Jacobs wakishalipwa, kulabu zote zilibaki tupu, na sauti ndani ilikuwa kama ya nyuki. Halafu kiwanda kimoja kikafungwa, kingine kikahama. Watoto wa wale wazungu wakaenda Australia, wakawaita wazazi. Ikaja ile miezi ya ugonjwa, serikali ikakataza pombe kabisa, mzee akakaa nyuma ya mlango uliofungwa akisugua kaunta isiyokuwa na doa. Waliporuhusiwa, wengi hawakurudi. Walikuwa wameshajifunza kunywa nyumbani mbele ya televisheni. Na vijana wa leo si wanywaji kama baba zao. Huyu ameokoka, huyu anainua vyuma na hataki tumbo, huyu mshahara wote uko ndani ya simu anabeti mpira. Wanaingia, wanapiga picha karibu na vioo vya rangi, wananunua Coke moja watu wawili, wanatoka.

Kampuni iliyokuwa inatuletea mapipa ya bia nayo iliona. Gari lilikuwa linakuja mara mbili kwa wiki, likawa linakuja mara moja, kisha likawa linakuja wakijisikia. Mwaka jana walimtuma kijana wa suruali ya kubana na pipa dogo la bia isiyokuwa na kilevi. Akasema ndiyo inayopanda siku hizi, ndiyo tuiweke mbele. Tukaonja.

"Bia bila kilevi," akasema Prezida wetu, "ni kama matanga bila maiti. Watu wamekaa, wamevaa, na hakuna anayejua wamekuja kufanya nini."

Huyo Prezida ni mtu wetu, Mrundi, ana duka la kutengeneza simu mjini. Tunamwita Prezida kwa sababu anaongoza likelemba yetu. Watu saba tunachanga kila mwezi, mmoja anachukua chungu chote, mwezi ujao mwingine. Kwa likelemba nimelipia shule, nimelipia jeneza. Kwa hiyo mzee aliposema anataka kuuza nusu ya baa yake, na wazungu wenzake wote wakaangalia pembeni, aliyenyoosha mkono ni nani? Ni sisi. Prezida alitukalisha sebuleni kwake akasimama kama mhubiri.

"Mtu anaweza kuacha nyama. Anaweza kuacha misa. Kunywa haachi! Na sisi tumekuwa wapangaji wa kila kitu, bana. Nyumba ya kupanga, kiti cha kupanga, hata karatasi ya kukaa nchini tunapanga miezi sita sita. Mara moja tu tuwe na ukuta wetu."

Neno hilo la ukuta lilituingia. Halafu wote wakanigeukia mimi.

"Mama, weye ndiye uko mule ndani. Iko namna gani?"

Nikasema, "Ni pazuri."

Nilikuwa nimeziona kulabu. Lakini nilijiambia watu wetu watazijaza, Wakongo wanapenda kukaa, Warundi wanapenda kukaa, tutapika samaki, tutaweka muziki. Nikajidanganya kwa ulimi wangu mwenyewe. Ikapikwa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na mimi kama mpishi na mtu wa ndani nikaonja kwanza. Kwetu huwezi kumpa mtu pombe bila wewe kuitangulia. Unakunywa mbele ya macho yake ili ajue hakuna sumu. Walipoona koo langu limeshuka, na wao wakanywa, wote sita. Karatasi ya mzee ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kumi na moja. Hakuna aliyeisoma, tukaitia sahihi hivyo hivyo. Walikuwa wamemwona bibi amekunywa.

Siku hiyo hiyo nilitunga kanuni. Mimi, siyo mwingine. Tulishaumwa na mtu mmoja aliyechukua zamu yake akakimbilia Cape Town, basi nikasema anayetaka kutoka lazima alete mtu wa kununua sehemu yake na kukaa kwenye kiti chake, na aonje pombe mbele ya huyo mtu kabla ya kumpa. Asipofanya hivyo anatoka mikono mitupu. Wakapiga makofi. Prezida akasema mama huyu angesoma angekuwa waziri.

Miaka mitatu ikapita, na mdogo wangu akapiga simu kutoka Bujumbura, alikoolewa. Macho yake yanaisha. Anaona pembeni tu, katikati ni moshi. Ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayejua nilikuwa mtoto. Akaniambia, "Yaya," ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "njoo nikuone, kabla sijabaki na sauti yako peke yake."

Ni safari ya basi ya siku sita, kwa mtu mwenye magoti yangu. Ningeweza. Ila pesa yangu yote ya dunia ilikuwa kwenye kile kiti cha baa. Ya binti yangu inaishia kwenye pango na ada.

Nikaanza kutafuta mtu wa kiti. Nusu mwaka nilitafuta. Niliwafuata kanisani, saluni, kwenye foleni ya karatasi. Mmoja akasema ameokoka na pombe hata harufu hataki, ijapokuwa nilijua jina la duka anakonunua. Mwingine, fundi viatu, alinitazama sana.

"Mama, niuzie kaburi. Hilo angalau nitalitumia."

Ndipo akaja msusi, mwenyewe, bila kuitwa. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane, ana watoto wawili, anasuka nywele karibu na Warwick kwenye saluni ya mtu. Alipojifungua mtoto wa pili, mume akiwa hospitali nyingine anakufa, nilikaa naye siku arobaini nikimpikia uji na kumkanda. Jumapili akanishika mkono nje ya kanisa.

"Bibi, nasikia unatafuta mtu."

"Umesikia wapi?"

"Durban nzima imesikia. Mimi nimechoka kukaa kwenye kiti cha kukodi. Pesa ya marehemu bado ninayo, sijaigusa. Nikae pako."

"Umeshaingia mule ndani?"

"Nimepita nje. Pazuri! Kama sinema."

Nilitakiwa niseme habari za kulabu pale pale. Nikasema, "Basi nitapika pombe." Jioni nikampigia mdogo wangu, nikamwambia nakuja. Kesho yake akanunua godoro jipya, akalipapasa lote kwa mikono na kunielezea kwa simu lilivyo nene.

Kwa hiyo zikanunuliwa zile ndizi za Jumatatu. Nilizipeleka chumba cha nyuma cha baa, kwa sababu kwa binti yangu Sydenham tuko ghorofa ya tatu, na mara ya mwisho nilipochachusha jirani aligonga ukuta akauliza kama kuna mtu ameoza. Nikazifunika kwa magunia ziive kwa joto la nyuma ya friji kubwa.

Jumatano mzee wa kaunta akanikuta jikoni namenya viazi. Akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hafanyi.

"Gogo, nitakuambia kitu, na usiwaambie wenzako mpaka nipate njia nyingine."

Kampuni ya bia ilikuwa imeandika barua. Mwisho wa mwezi watakuja kungʼoa mabomba yao kwenye kaunta. Hatuuzi ya kutosha, hawawezi kuleta gari kwa ajili ya vikombe vinne. Alikuwa ameandikia kampuni nyingine mbili, hazikujibu.

"Na baa bila mabomba?" nikamuuliza.

Akachukua kiazi changu, akakigeuza-geuza, akakirudisha kwenye maji.

Alhamisi ndiyo siku ya kukamua. Ndizi zilikuwa zimeiva mpaka ganda jeusi. Unazimenya, unaziweka kwenye beseni pana, unatia nyasi ngumu zilizooshwa, unakanda na kusukuma mpaka maji yatoke meupe yenye povu. Nyasi nazikata karibu na reli. Mikono yangu siku hizi inakufa ganzi upesi, basi msusi akaja kunisaidia, amefunga kitenge, amevua pete. Mikono ya kusuka ina nguvu. Alikanda kama anapigana na mtu.

Tulipopumzika akapita mbele kuangalia, akasimama chini ya kulabu.

"Bibi, hizi kopo ni za nani?"

Nikamweleza. Hakusadiki kwamba najua wenyewe wote. Akanijaribu, akainua kidole.

"Hii?"

Nikataja jina. "Amekufa."

"Hii?"

"Amekufa. Kifua."

"Na hii yenye kibonyeo?"

"Alimpiga nayo shemeji yake. Amekufa naye."

"Shemeji?"

"Wote wawili, lakini si siku hiyo."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Hii hapa?"

"Huyo yuko Australia."

"Hiyo nayo ni kufa. Bibi, wazima wanaokuja ni wangapi?"

Nikasema, "Wanne."

Nilidhani atashtuka. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaangalia kona ya dirisha, na nikaona anapima kwa macho.

"Ni kwa sababu mmewaachia wazee. Pale naweka viti viwili na kioo. Nasuka, mwanamke anakunywa anachotaka akisukwa, anamaliza masaa manne amekaa! Mteja gani mwingine anakaa masaa manne?"

"Na wasipokuja?"

"Watakuja. Weye umekaa hapa miaka yote hiyo. Pangekuwa pabaya ungeshatoka."

Nilirudi kwenye beseni. Maji ya ndizi yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Nikafikiria kumwambia, na kila neno nililolishika lilikuwa na lile godoro la Bujumbura nyuma yake. Nikamwambia tu, "Usiache nyuzi za nyasi ndani, zitatia uchungu." Tukachuja, tukatia mtama, tukafunika pipa kwa blanketi.

Jumapili baada ya ibada tukakaa meza ndefu, wale wenzangu sita, mimi, na msusi mwishoni amevaa gauni la kijani la kanisani. Mlango ulikuwa umefungwa, nje jua kali, ndani giza lile lile. Kasiksi ilikuwa imetoka vizuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopika huku, na hilo lilinichoma. Nikaimimina kwenye kibuyu changu nilichotoka nacho Uvira, nikakaa nacho mapajani.

Prezida akasimama. "Leo mama yetu anatuacha, anaenda kula mukeke wa ziwa wakati sisi tunakula samaki wa kopo. Amefuata kanuni yake mwenyewe. Mama, onja."

Niliinua kibuyu. Harufu ikanipanda puani, tamu. Mdomo ukagusa ukingo na haukufunguka. Nikakishusha.

"Ina povu. Tungojee."

"Povu gani, Mama? Tangu lini unaogopa povu?"

"Anaogopa safari ya basi," mwingine akasema. "Siku sita dereva anapiga Bongo Flava."

Wakacheka. Nikainua tena, nikashusha tena. Wakati huo mzee wa kaunta akatoka chumba cha nyuma amevaa sweta, ameamshwa na kelele. Hajui desturi zetu hata moja. Aliona kibuyu, aliniona mimi, macho yakamngʼaa.

"Gogo, ndiyo hii iliyokuwa inanukia wiki nzima?"

Akanyoosha mikono yote miwili, akakichukua, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, na fundo lake la koo likipanda na kushuka mbele ya watu wote. Akajifuta masharubu. Akasema ni bora kuliko kitu chochote alichouza mwaka huu.

Prezida akapiga meza. "Ameonja! Mwenye nyumba mwenyewe ameonja! Imekwisha, mpeni binti!"

"Lakini kanuni ni mama ndiye—" mmoja akaanza.

"Mama, mwenye nyumba, ni kitu kimoja. Ameanguka? Yuko wima! Mpeni!"

Wakaanza kupiga makofi. Walitaka, nawaelewa. Mtu mpya mwenye nguvu na kioo chake na wateja wake, nani asitake? Mzee akanirudishia kibuyu akitabasamu, na mimi nikaona njia yangu ya kutoka imefunguka yenyewe. Sikuwa nimeonja. Sikuwa nimeapa. Ningenyamaza kidogo tu, muda wa kumeza mate, na Mungu angemuuliza yule mzee, siyo mimi. Ningefika Bujumbura kabla ya mvua.

Msusi akanyoosha mikono kupokea, viganja juu, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa utomvu wa ndizi pembeni ya kucha. Haujamtoka tangu Alhamisi, huo hautoki upesi, hata kwa limau.

Nikaweka kiganja changu juu ya mdomo wa kibuyu.

"Mama, ondoa mkono," wakasema.

"Siondoi."

"Kuna nini, umetia sumu?" Prezida akasema, na watu wakacheka.

"Iko," nikasema.

Wakaacha kucheka. Nikawaambia yote. Barua, mabomba, mwisho wa mwezi, kampuni mbili zisizojibu. Nikasema na lile la zamani pia, kwamba siku niliyowaambia ni pazuri nilikuwa nimeshaona kulabu zinabaki na magi zake. Mzee alikuwa anatutazama mmoja mmoja. "Wanasema nini?" akaniuliza kwa Kiingereza. Akakaa kwenye kiti cha karibu, nafikiri alielewa kwa nyuso.

Msusi alikuwa bado amenyoosha mikono. Akaishusha polepole akaiweka juu ya meza.

"Bibi. Umejua lini?"

"Jumatano."

"Alhamisi nilikuwa hapa nakukandia ndizi."

"Ulikuwa hapa."

"Nilikuonyesha mpaka pa kuweka kioo."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka, na hakupaza sauti, angepaza ingekuwa rahisi.

"Ungeniambia Alhamisi, ningekushukuru maisha yangu yote. Leo umenifanya mjinga mbele ya watu."

Mlango ule mzito unajifunga wenyewe, kwa taratibu. Tukausikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema Prezida, amekaa sasa. Alionekana mdogo. "Basi mama utabaki. Weye na sisi na hizo kopo."

"Tutapata kulabu zetu," mwingine akasema. "Pamoja na wafu."

Kasiksi ikishafunguliwa hairudishwi, kwetu ni mkosi. Ikabidi inywewe. Mwanzo walikunywa kimya kama dawa, kisha mwenzetu mmoja, fundi cherehani, akaanza kumwigiza kijana wa suruali ya kubana, na kicheko kikarudi, kicheko kibaya-kibaya lakini kilirudi. Mimi nilikunywa wa mwisho. Ilikuwa nzuri sana.

Kumwambia mdogo wangu ilinichukua siku tatu. Alisikiliza bila kuniingilia. Nikasema godoro ampe mjukuu alalie.

"Nitampa," akasema. Halafu akacheka kidogo. "Lakini weye una bahati, Yaya. Mimi mara ya mwisho kukuona ulikuwa bado na meno yote. Macho yakiisha utabaki hivyo hivyo."

"Na kiuno nilikuwa nacho."

"Kiuno sikukumbuki nacho."

Mwisho wa mwezi walikuja wanaume wawili, wakangʼoa mabomba kwa nusu saa, wakaacha matundu manne kwenye kaunta. Mzee aliyafunika kwa taulo za kufutia bia, akapanga glasi juu. Tunauza chupa sasa, na samaki siku ya Ijumaa. Prezida anatafuta mtu wa kununua hata mbao za ukutani. Mimi Jumamosi naosha magi thelathini na mbili. Wiki iliyopita nilishusha kwa mazoea moja ya wale wanne nikairudisha, maana mwenyewe alizikwa Jumanne, na sasa ni ya kuosha tu.

Msusi hanisalimii kanisani. Anapita upande wa pili wa viti. Nilivumilia wiki tano, ya sita nikapanda taxi hadi Warwick, nikaingia saluni anakofanya kazi, nikakaa kwenye kiti chake bila kuuliza. Alisimama nyuma yangu, namwona kwenye kioo na yeye ananiona. Kisha akafungua kilemba changu, akachana hizi nywele nyeupe zilizobaki, akaanza kusuka.

Alivuta sana. Kila mstari alivuta mpaka macho yangu yakapanda. Sikusema inauma. Saa nzima na zaidi hakutamka neno zaidi ya "inamisha" na "geuka". Alipomaliza akanifunga kilemba mwenyewe, akakikaza nyuma, akasema akiwa ameshaanza kufagia, "Rudi baada ya wiki mbili nikufumue, zisikatike."

Nikamwambia nitarudi. Wiki mbili zijazo nitakuwa wapi, kama siyo hapa?